Kioo Kilichokwenda Posa

Masasi, Mkomaindo
Alasiri, kuamkia safari yako

Mwanangu Somoe,

Barua huanza kwa kuulizana hali, lakini hali yako naisikia kupitia ukutani. Unagombana na zipu ya begi, na kwa ninavyosikia zipu ndiyo inayoshinda. Mimi ni mzima. Nimekaa uani, karatasi nimeiweka juu ya sinia, na nimemwambia kila anayepita kwamba nachambua mchele. Naandika kwa mkono, mimi niliyekula kwa kupiga chapa maisha yangu yote, kwa sababu ningechapa ungedhani ni barua ya ofisi na ungeanza kutafuta kumbukumbu namba.

Mambo ya kula, kulala, kufunga mlango na kutoazimana nguo na wenzio sitayarudia. Nimeyasema tangu Ijumaa, na mama yako mdogo Hadija ameyasema upya kana kwamba mimi niliyasema kwa lugha ya ndege. Ninalotaka kukuambia ni jingine, na nimelikalia miaka minane. Ni habari ya ile kompyuta.

Najua umeshakunja uso. Kompyuta ile ikitajwa humu ndani huwa unainuka, unakwenda kutazama kama maji yamechemka, hata siku ambayo jiko halijawashwa. Leo kaa.

Juzi mlipokuwa mnakunja khanga na mama yako mdogo, mimi nilikuwa nyuma ya pazia natafuta kandambili. Ulimwambia kwamba ukifika chuoni Dodoma utaomba uhamishwe, utolewe kwenye maabara upelekwe kozi yoyote isiyo na mashine. Ulisema, "Mama mdogo, mimi vyombo vya umeme vinanikataa tangu mdogo. Nikivigusa vinakufa. Mama mwenyewe anajua." Hadija aliacha kukunja. Alikuwa anatazama pazia.

Mama mwenyewe anajua. Niliiacha kandambili nikakaa kitandani na mguu mmoja peku. Nafasi ile uliisomea kwa taa ya chemli na macho mekundu, na sasa unataka kuirudisha kwa sababu ya jambo ambalo mimi nalijua lilivyokuwa, na wewe hulijui. Basi nitakusimulia lilivyokuwa, na ukitaka kucheka cheka, maana kwa kweli linachekesha, isipokuwa mahali pamoja.

Unakumbuka kidogo jinsi nilivyopunguzwa kazi. Ulikuwa darasa la kwanza. Mashirika yalikuwa yanauzwa, na sisi tuliokuwa ndani yake tulipewa kiinua mgongo na kuambiwa tukajiajiri. Wenzangu walifungua magenge, wengine wakaingia kwenye mitumba. Mimi nilikuwa na kiburi cha vidole. Nilikuwa naweza kuchapa barua nzima huku nimemtazama bosi usoni, na nikasema mikono kama hii haiwezi kwenda kupima karanga kwa kikombe. Nikapanga kile chumba karibu na hospitali, nikaweka mashine yangu ya chapa, na baadaye nikaagiza kompyuta kutoka Dar. Ilikuja juu ya lori la magunia, imefungwa ndani ya godoro. Ilikuwa imeshatumika mpaka imegeuka rangi ya chai ya maziwa, lakini hapa mtaani hakuna aliyekuwa na nyingine.

Mwanangu, ile kompyuta ilinipanda kichwani. Watu walikuwa wanakuja na barua za maombi ya kazi, katiba za vikundi, shukrani za msiba, na wengine wanakuja kutazama tu herufi zikitokea. Nikaanza kuitwa Madamu. Nikaanza kutembea polepole. Siku moja mtu aliniuliza saa, nikamjibu kwamba kwa sasa niko kwenye mashine.

Na wewe ulikuwa fundi wangu. Sijui kama unalikumbuka hilo, maana hakuna aliyekukumbusha. Miaka kumi, darasa la nne, ulijifunza mwenyewe kufungua na kuhifadhi, na kila Jumamosi asubuhi ulikuwa unacheza ule mchezo wa karata mpaka mteja aje. Ulikuwa na mkono mwepesi. Niliwaambia watu, "Nikishindwa mimi, mwulizeni huyu."

Sasa ikaja posa ya mama yako mdogo. Watu wenyewe ni wa Newala, watu wa mikorosho. Baada ya biashara ya korosho kufunguliwa kwa kila mwenye gunia na mzani, wale walikuwa wamepata, wamejenga nyumba ya bati la rangi, na tulisikia wana televisheni na dishi lake juu ya paa. Nilitazama sebule yetu. Tulikuwa na redio, kalenda, na makochi mawili ambayo ukikaa vibaya yanakufinya. Baba yako, Mungu amrehemu, alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na mimi ndiye niliyekuwa nimesimama mahali pa wazazi wa Hadija. Niliona haya. Nikaona watasema huyu binti ametoka kwa watu wasio na kitu. Ndipo likanijia wazo, na ningeomba lisingenijia.

Nilikwambia uende ukamsalimie bibi yako mzaa baba, kule Lukuledi, urudi Jumapili jioni. Ulifurahi, ukadhani nakupa zawadi. Sababu yangu ilikuwa kwamba mtoto wa miaka kumi ukimwacha sebuleni na wageni lazima atauliza, "Mama, mbona TV ya kompyuta imekuja nyumbani?"

Jumamosi ile adhuhuri, ulipokwisha kucheza karata zako na kuondoka, mimi na Hadija tulichomoa kile kioo cha kompyuta, tukakipakia kwenye mkokoteni, tukakifunika khanga mbili. Tulipopita mbele ya lango la hospitali, yule mama muuza maandazi alisimama akashika kifua. "Poleni jamani," akasema. "Ni mtoto?" Hadija angeweza kusema si mtu. Badala yake akasema, "Tumeshapoa." Mpaka juzi yule mama akiniona alikuwa ananipa pole, na mimi naipokea.

Tukakiweka sebuleni juu ya meza ndogo. Nikakifunika kile kitambaa changu cha kufuma chenye tausi, juu yake nikaweka chupa ya maua ya plastiki. Nikakichomeka kwenye umeme ili hata waya uonekane. Kwa kweli kilipendeza.

Wazee wakaja wanne. Msemaji wao alikuwa Mzee Bakari, baba mkubwa wa bwana harusi, mtu mpole mwenye ndevu nyeupe. Tukaamkiana, tukawapa chai na chapati. Mzee Bakari akatazama kwenye meza ndogo.

"Naona mna televisheni," akasema.

"Ndogo tu, mzee," nikajibu, kwa unyenyekevu wa mtu mwenye tatu.

"Basi tutazame habari kidogo, huku chai inapoa."

"Umeme leo mdogo, mzee. Utaiunguza."

Pembeni yake feni ya mezani ilikuwa inazunguka kwa nguvu mpaka ndevu zake zinapepea. Akaitazama feni, akanitazama mimi. Halafu akasema kwamba nyumbani anayo kama hiyo, kwa hiyo anazijua, nisijisumbue. Akainuka, akapiga goti mbele ya kioo, akabonyeza. Taa ya rangi ya chungwa ikawaka, kioo kikabaki cheusi. Akapapasa chini ya kidevu cha kioo mpaka akapata kile kigurudumu kidogo cha kuzungusha kwa kidole.

"Sauti si ndiyo hii?" akauliza, akakizungusha mpaka kikagota.

"Antena iko kwa fundi," nikasema.

"Ahaa," akasema Mzee Bakari, akarudi kwenye chapati yake, wala hakuuliza tena. Posa ikapokelewa.

Jumapili mchana tukakirudisha ofisini kwa mkokoteni uleule. Nikarudisha nyaya zote mahali pake, na hilo nilifanya sawasawa. Umeme ulikuwa umekatika, kwa hiyo sikujaribu. Nikafunga mlango, nikamshukuru Mungu kwa kunisitiri.

Jumatatu asubuhi nikawasha. Boksi la kompyuta likaunguruma kama kawaida, feni yake ikazunguka, likatoa ule mlio wake mmoja mfupi. Taa za kibodi zikakonyeza. Taa ya kioo ikawaka kijani. Picha hakuna. Nikazima, nikawasha. Ngurumo, mlio, kukonyeza, na weusi. Nyuma yangu amesimama mwenyekiti wa kikundi cha kina mama waliopata mashine ya kusaga. Mashine inazinduliwa Ijumaa, mgeni rasmi anatoka wilayani, na risala ya kurasa nne iko ndani ya boksi, hakuna nakala nyingine duniani.

Ukaingia wewe, na sare ya shule, kuchukua daftari. Ukatuamkia wote. Nikakuuliza nani aliigusa hii mara ya mwisho. Ukasema, "Mimi, mama. Jumamosi. Nilicheza karata tu."

Ulisema kweli papo hapo, kama nilivyokulea. Nikachukua rula ya ofisi, nikakupiga kiganja cha kulia mara tatu, mbele ya mwenyekiti, ili mwenyekiti ajue kosa si langu. Hukulia. Ulikitazama kile kiganja muda mrefu, ukikigeuza, kama mtu anayetafuta ndani yake ni wapi palipokosea. Nilikuona, Somoe. Nikageuka nikaendelea kubonyeza.

Hapa ndipo alipoingia Akwilini, fundi redio. Unajua tulivyo naye: ukoo wao na ukoo wetu ni watani tangu mababu, kwa hiyo akija kutengeneza kitu lazima kwanza akitukane. Alisema kompyuta yangu imeona sura yangu kila siku mpaka imeamua kufumba macho. Halafu akafanya kazi, na nitamsema kwa haki, alifanya kwa akili. Alilaza sikio juu ya boksi. Alibonyeza kile kitufe cha kufungia namba, akaona taa ya kibodi inawaka na kuzima, akasema, "Ubongo hai. Huyu anatusikia, anakataa tu kujibu." Akafungua boksi, akapuliza vumbi jekundu lote la Masasi, akamtoa mjusi aliyekufa siku nyingi. Akavichomoa vile vibao vya memori, akasugua meno yake kwa ufutio wa penseli, akavirudisha. Tukawasha. Ngurumo, mlio, weusi. Akasema ule mlio mmoja ni mlio wa mtu aliyejikagua akajiona mzima, na kwa hiyo yeye haelewi.

Jumatano akafunga boksi peke yake kwenye baiskeli, bila kioo, akalipeleka kwa jamaa yake barabara ya Ndanda mwenye kompyuta. Wakaliunganisha na kioo cha kule. Picha ikaja hapohapo, na risala ndani yake nzima. Hawakuwa na mashine ya kutolea karatasi, basi akalirudisha, akaniambia, "Mama Somoe, boksi halina ugonjwa. Mgonjwa ni kioo. Kilianguka? Kilitoka nje?"

"Hakijatoka humu ofisini tangu kije," nikasema.

Akilini nikamwona muuza maandazi, nikaona tausi, nikaona posa inarudi Newala na wazee wanacheka njia nzima. Hadija alikuwa kwenye benchi nje. Tulitazamana. Hatukuijua hata sisi sababu, lakini tulijua hakuna mtoto wa karata aliyekitoa kioo kile mahali pake.

Alhamisi Akwilini akatangaza kifo cha kompyuta. Na wewe unajua kwetu huku, msiba usio na watani ni mkutano tu. Alikuja na wenzake watatu, amejifunga khanga kiunoni, majani mkononi, analia kwa sauti ya kike tangu njia panda. "Umetuachia nani, mama wee, nani atatuandikia barua za kukataliwa kazi." Akaagiza mashine iwashwe, eti marehemu alikuwa mkoromaji, na haifai azikwe kimya. Boksi likaunguruma. Watu wakajaa mlangoni, wagonjwa wa nje wakatoka kwenye foleni kuja kutazama. Wewe ulikuwa umetoka shule, umesimama pembeni ya kabati, mikono umeificha nyuma.

Mtani mmoja akajilaza mlangoni, akasema marehemu hatoki mpaka apewe jogoo. Mwingine akawa ananiiga ninavyochapa, shingo juu, midomo imebana. Nilicheka, na nilikuwa nataka kulia. Ndipo Akwilini akasema, "Subirini. Maiti haizikwi haijaoshwa." Akachovya kitambaa kwenye kopo la maji, akaanza kukiosha kioo kama mtu: paji la uso, mashavu, kulia, kushoto. Akaingiza kitambaa chini ya kidevu, akasugua kwa kurudi nyuma.

Picha ikaja. Polepole, kama kunavyopambazuka, ikatoka kwenye weusi: kwanza kivuli, halafu rangi, halafu kila kitu mahali pake. Mtani wa mlangoni aliinuka akatoka mbio bila jogoo. Mwenyekiti wa kina mama akakaa chini sakafuni.

Akwilini alibaki ameinamisha kichwa. Akakizungusha kile kigurudumu mbele, giza. Nyuma, mwanga. Mbele, giza. Siku nne zote, mwanangu, na boksi zima kulifungua, na safari ya Ndanda, na mjusi, kumbe mwanga ulikuwa umepunguzwa mpaka mwisho, kama utambi wa chemli. Taa ile ya kijani ilikuwa inatuambia kwamba boksi linaleta picha na kioo kinaipokea, na hakuna aliyekuwa ameisoma.

"Nani aligusa hapa?" Akwilini akauliza.

Hapo ndipo mahali pamoja pasipochekesha. Wakati ule ule nilimwona tena akilini Mzee Bakari amepiga goti, kidole chini ya kidevu cha kioo. Nilijua. Sikuwa nadhani, sikuwa na shaka, nilijua kama ninavyojua jina lako. Na watu wote wananitazama, na nikifungua mdomo kusema ukweli itabidi niseme kioo kilikwenda wapi na kwa nini, na posa bado mbichi. Nikasema, "Nani mwingine, kama si huyu mtoto na karata zake."

Akwilini akakugeukia, akacheka kiutani, akasema, "Kumbe tunaye Bibi Giza humu ndani." Watu wote wakacheka, na mimi nikacheka nao. Wewe ukatoka pembeni ya kabati, ukaja mbele yangu, ukasema, "Nisamehe, mama." Ulikuwa umeamini. Uliniamini mimi kuliko mkono wako mwenyewe. Nikakujibu, "Usirudie tena."

Risala ilisomwa Ijumaa, ikapigiwa makofi. Hadija akaolewa. Na wewe ukabaki na jina. Shuleni wakaliokota, mtaani wakalikuza. Tochi ikiisha betri, Giza kapita. Umeme ukikatika, mwulizeni Giza. Pasi ya jirani iliungua kwa umeme wa jenereta ulioruka, na wewe ulikuwa umekuja kuazima chumvi tu, lakini ulirudi nyumbani unalia. Ukaacha kuja ofisini. Nilipokuita uje ucheze karata ulisema una homa. Mimi nikajiambia mtoto amekua, amechoka michezo.

Utaniuliza kwa nini sikusema baadaye. Mwaka wa kwanza nilisema ngoja ndoa ya Hadija ikae. Mwaka wa pili nikasema ngoja azae. Baadaye hata sababu sikuwa nayo. Ukweli nao ukianikwa muda mrefu unakuwa kama makopa ya muhogo, hautafuniki tena mpaka uulowanishe, na mimi nilikuwa naona uvivu wa kulowanisha. Tena nilikuwa nimezoea kuwa mtu asiyekosea. Mpiga chapa mzuri ni yule ambaye karatasi yake haina alama ya kufutwa, na mimi nilidhani hata maisha yanapaswa kutolewa hivyo.

Jana nilikwenda kwa Hadija. Nilimkuta na mume wake, shemeji yangu wa Newala, wanakula. Nikasema, "Shemeji, ile televisheni waliyoiona wazee wenu siku ya posa haikuwa televisheni." Nilikuwa nimejiandaa kwa lolote. Akamaliza tonge lake. Akasema, "Kile kioo cha kompyuta? Baba mkubwa alituambia jioni ileile. Alisema kilikuwa na waya mwingine nyuma unaning'inia, wenye sindano sindano, na televisheni haina mambo hayo. Alisema tuoe hapohapo, maana watu wanaobeba kioo cha ofisini kwa ajili ya wageni watamtunza na mkwe."

Somoe, nilikaa chini bila kukaribishwa. Habari yangu ilikuwa imefika Newala kabla gari lao halijapoa. Walikuwa wanaijua miaka minane, wamenistahi, wakanyamaza. Nilikutoa wewe kafara kulinda siri ambayo hata mbuzi wa Newala waliijua. Hadija akalia. Akasema ataongea na wewe mwenyewe, na mimi nikamwambia anipishe nianze.

Kutoka pale nilikwenda kibandani kwa Akwilini. Nilimweleza yote amesimama, ameshika chuma cha kuyeyushia risasi ya kuungia nyaya, na chombo kikapoa mkononi. Nilitegemea acheke. Hakucheka. Alisema, "Na mimi ndiye niliyempa jina." Halafu utani ukamrudia, maana hawezi kuishi bila huo. Akasema jina la utani halihamishwi bure, na yule jogoo wa msiba hakulipwa. Nikampelekea jogoo. Leo asubuhi nilipokwenda kununua vitumbua nimesikia watu wawili wananiita mimi Bibi Giza, na mmoja wao ni yule muuza maandazi, ambaye sasa amejua kilichokuwa chini ya khanga na amekasirika sana kuhusu zile pole zake zote.

Sasa kuhusu mashine. Huko maabara utakutana na vyombo vitakavyowaka, vitaunguruma, na havitakuonyesha kitu. Chombo kinachounguruma hakijafa. Soma taa zake. Anzia nje, kwenye kile kinachozungushwa kwa kidole, kabla hujafungua tumbo la mtu. Ukikwama kipeleke kwa mwenye kizima, ubadilishane naye kipande kimoja kimoja, kama Akwilini. Na ukitaka kujua nani aligusa mara ya mwisho, jiulize mwenyewe kwanza, tena kwa sauti. Mimi niliuliza wote isipokuwa mtu mmoja.

Mkono wako hauna kitu. Haukuwahi kuwa na kitu. Siku ile uliacha mashine nzima, umeifunga vizuri, umesukuma kiti ndani. Mkono uliokosea ulikuwa na rula.

Usiombe kuhamishwa. Hilo nakuomba, sikuamuru, kwa kuwa amri zangu kwenye jambo hili zimekwisha thamani.

Barua hii nakupa leo kabla ya magharibi uisome humu ndani, nikiwa karibu. Ukiisoma kwenye basi utakuwa umeshapita Ndanda na mimi sitakuwepo unigombeze. Ukitaka kunigombeza niko uani.

Na kesho alfajiri, kabla hujabeba begi, najua utafanya kama ada inavyotaka: utakuja upige goti mbele yangu uniombe radhi kwa yote uliyonikosea, nikuwekee mkono kichwani, ndipo uondoke. Usipige goti, mwanangu. Nimetandika mkeka sebuleni, na kiti nimekiweka upande wako. Njoo ukae. Anayepiga goti kesho ni mimi.

Mama yako